Kasi Ambayo Mama Hakuiomba

Mwanangu amefungua kompyuta yake sebuleni kwangu tangu Jumamosi, na nyumba nzima inanuka vumbi lililopata moto. Harufu hiyo unaijua kama umewahi kukaa karibu na redio ya zamani iliyowaka kutwa. Ananiambia anataka kuiovakloki, yaani kuilazimisha chipu, ule ubongo wa kompyuta, iende mbio kuliko kasi iliyopangiwa kiwandani, na kwamba kwanza lazima aamue kama abaki na chipu za kampuni hii au ahamie kwa washindani wao. Amenieleza kwa dakika arobaini, nikamsikiliza mbili. Nikamwambia, "Funga hicho kitu ukitoe hapa." Akaniangalia kama mtu aliyeonewa, na kweli nilikuwa nimemwonea. Mtoto hajui kwamba harufu hiyo nilishaishi nayo Mandewa, Singida, nikiwa darasa la nne, na kwamba sina hamu nayo hata kidogo.

Wenzangu wa rika langu mtakumbuka miaka ile. Wazazi wetu walikuwa wamezoea kitu kimoja kimoja: sabuni ya aina moja, baiskeli ya aina moja, dawa ya meno ya aina moja, na hivyo vyote kwa foleni. Halafu ghafla vitu vikamwagika madukani. Sabuni zikawa saba, na kila moja ina mwanamke wake anayecheka kwenye karatasi. Mashirika yakauzwa, watu wakapunguzwa kazi, wakaambiwa sasa kila mtu ajitegemee na achague mwenyewe anachotaka. Baba yangu kujitegemea alikuweza. Kuchagua ndiko kulikomshinda, jamani, na sisi tukashindwa pamoja naye.

Baba alikuwa fundi mitambo wa shirika moja la umma, na mama alikuwa mpiga chapa wa shirika hilohilo. Walipunguzwa wiki moja. Wakaweka pamoja walichopewa, wakatoboa ukuta wa chumba cha mbele, wakaweka dirisha la kuhudumia watu, na juu yake ikaandikwa kwa rangi nyekundu kwamba hapa tunachapa barua, mitihani na kadi za harusi. Mashine ya kupigia chapa ilikuwa ya mama, nzito kama jiwe la kusagia, na mama aliipiga bila kuangalia vidole huku akiniuliza kama nimeshaoga. Kazi ilikuwepo. Walimu wakuu walikuja, makarani wa mahakama walikuja. Wazo la kompyuta lilikuwa la baba peke yake.

Kompyuta ililetwa na Hasmukh, ambaye baba yake na babu yake waliuza vitenge na mafuta ya taa pale mjini kati, na yeye akaongeza redio, na sasa mambo haya. Hasmukh alikuwa mtu wa Singida kama sisi, anayejua kuku gani ni wa kienyeji kwa kumtazama mguu tu. Alimwambia baba ukweli mtupu: "Baba Elia, hii mazabodi, ubao wa kuchomekea vyote humu ndani, ni moja, inakubali chipu za kampuni mbili. Kuna hii ya jina kubwa, na kuna hii ya wenzao. Ya wenzao ni nafuu. Kazi ileile. Nikufungie ipi?"

Swali dogo kabisa. Mtu mwingine angejibu palepale, akapakia mzigo wake kwenye mkokoteni akaenda zake. Baba alisema, "Nipe siku mbili nifikirie," akafikiria wiki tatu. Alimuuliza mchungaji. Alimuuliza mwalimu wa sayansi wa sekondari. Alimuuliza muuza mkaa! Yaani mtu amekuja kushusha gunia, uso mweusi tii, baba anamsimamisha mlangoni kumwuliza kama kitu cha jina kubwa kinadumu kuliko kitu kisicho na jina. Muuza mkaa akasema inategemea. Baba akatikisa kichwa kana kwamba amepewa jibu.

Mezani tulikula chipu. Mama akipakua ugali, baba anasema, "Lakini ya jina kubwa ukija kuiuza, inauzika." Akimega tonge, anasema, "Lakini hii nyingine wanasema inajitahidi." Alipotaja ile kampuni ya pili alishusha sauti, sijui kwa nini, labda aliona aibu kufikiria kitu cha bei nafuu. Mimi nikaelewa kwa akili yangu kwamba ile ni kampuni ya hatari. Ilikuwa ndiyo kwanza vyama vimekuwa vingi, na watu wazima walikuwa na majina wanayoyasema kwa sauti na majina wanayoyasema chinichini. Nikaamini kwamba baba akichukua ile ya pili watakuja watu na gari kumuuliza. Kwa wiki nzima gari lolote likipita barabarani mimi naangalia.

Mwishowe alichukua ile ya pili, na hakuna gari lililokuja. Ila kuanzia siku hiyo baba hakupata raha. Kule stendi kulikuwa na chumba kingine cha kuchapa, cha Bwana Shabani, na kompyuta ya Bwana Shabani ilikuwa na kile kibandiko cha jina kubwa pale mbele. Baba alipita pale akiwa na safari na akiwa hana. Akirudi anasema, "Shabani ananicheka." Mama anasema, "Shabani amekuuliza hali ya watoto." "Alicheka kwanza." Basi. Akawa anatafuta namna ya kuthibitisha kwamba hakukosea, na mtu akishaanza kutafuta hivyo, kaa mbali naye.

Sijui nani alimwonyesha. Nadhani ni kitabu chembamba kilichokuja ndani ya boksi, chenye michoro, ambacho baba alikisoma mpaka kikaachana kurasa. Kwenye mazabodi kulikuwa na vipini vidogo vimesimama viwiliviwili, na vifuniko vyeusi vya plastiki vidogo kama punje ya mtama, ambavyo mafundi wanaviita jampa. Ukiitoa jampa hapa ukaiweka pale, chipu ya megahezi mia moja sitini na sita inaamka ikiwa na mia mbili na nane. Hulipii chochote. Kwa mtu aliyetoka kwenye nchi ya foleni, kupata kitu cha ziada bila kumwomba mtu kulikuwa kama muujiza. Baba alihamisha jampa kwa kibano cha mama cha nyusi, akawasha, namba zikatokea kwenye kioo, akapiga kelele mpaka kuku wakakimbia.

"Mama Elia! Njoo uone! Mia mbili na nane!"

Mama akaja na mikono ina unga. "Mia mbili na nane nini?"

"Kasi! Ya Shabani ni mia na sitini na sita. Angalia, nafungua programu ya barua, hesabu." Akashika saa yake ya mkononi. "Jana sekunde kumi na nne. Leo kumi na moja!"

Mama aliiangalia ile mashine, akamwangalia mume wake. "Baba Elia," akasema taratibu, "mimi nikichapa barua, ninakaa naisubiri hii kompyuta? Yenyewe ndiyo inayonisubiri mimi. Sasa umeiongezea kasi ya kunisubiri?"

Nikikumbuka maneno hayo mpaka leo nataka kumpigia mama makofi. Hakuna mhandisi aliyewahi kusema vizuri zaidi ya hapo. Ila baba hakusikia, alikuwa anawasha na kuzima apate sekunde kumi.

Basi tukaingia kwenye kipindi cha kupoza. Chipu ikienda mbio inapata joto, na juu yake kuna bamba la chuma na feni ndogo, na katikati yake panatakiwa papakwe dawa fulani nyeupe ya kupitisha joto. Singida nzima dawa hiyo haikuwepo. Baba akapaka dawa ya meno. Ndiyo, dawa yetu ya meno, aina mpya ya mnanaa ambayo mama alikuwa ameichagua mwenyewe kwenye aina sita zilizokuwa dukani. Tukaenda shule siku mbili tumesugua meno kwa chumvi, huku chumba cha mbele kinanuka mnanaa na vumbi la moto. Halafu akahamishia meza dirishani ili upepo wa Singida uisaidie feni, na mnaoujua upepo wetu wa mwezi wa saba mnajua unakuja na nini. Kila asubuhi mama alifuta vumbi la kutosha kupandia mchicha.

Ndiyo maana alifuma kitambaa. Nyumba gani ya wakati ule haikuwa na vitambaa? Redio ilikuwa na chake, chupa ya chai ilikuwa na chake, makochi yalikuwa na vyake mgongoni na mikononi. Kitu cha thamani kukaa uchi ndani ya nyumba ilikuwa aibu ya mwanamke. Kompyuta ile ilikuwa na kasha la kulala, na kioo kinakaa juu yake, kwa hiyo mama akafuma kitambaa cheupe chenye maua ya alizeti ya njano pembeni, akakitandika juu ya kasha, akarudisha kioo. Kilining'inia pande mbili mpaka karibu na meza. Alikifuma kwa majuma mawili, na wateja wakakisifia kuliko kompyuta. Mimi nilijua kinaizuia isipate baridi, na kila nikipita nilikivuta kidogo kikae sawa.

Kazi kubwa iliyotujia wakati huo ilikuwa ya Mwalimu Petro. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Mungaa, mrefu, macho yameanza kuingia ukungu, na alikuja na kapu la madaftari ya shule kumi na tisa. Tulimwamkia shikamoo akaitikia marahaba huku anapapasa kiti. Ndani ya madaftari yale aliandika visima. Kila kisima cha Mungaa na vijiji vya jirani: nani alikichimba, njaa gani ilikuwepo wakati huo, maji yalipatikana kwa kina gani, kilimwua nani. Alitembea miaka kumi na moja kwa miguu akiwauliza wazee, na wengi wa wazee hao walikuwa wameshazikwa. Kulikuwa na wachapaji wa misheni moja waliokubali kumtengenezea kitabu, ila walitaka maandishi safi, siyo mwandiko wake.

"Mama Elia," alimwambia mama, "mimi macho yangu yananiaga. Nataka nikiguse kitabu hiki kabla sijawa wa kuongozwa njia. Wanasema mkono wako haukosei."

Mama alichapa miezi mitatu. Mwalimu alikuja kila siku ya gulio, anakaa pembeni yake, mama anamsomea alichochapa na yeye anasahihisha. Walizungumza Kinyaturu, na mama akawa anacheka kicheko ambacho sikukizoea, maana kisima kimoja kilichimbwa na babu wa mama yake na hakuwahi kujua. Nilimwona mama mpya kabisa. Ofisini alichapa maneno ya wakubwa, nyumbani alichapa kadi za harusi za watu, na sasa hapa alikuwa anachapa kitu ambacho akikifikia mwisho wa ukurasa anatamani ukurasa unaofuata. Alimwambia baba kwamba kazi hii ikitoka, atatafuta nyingine za namna hii, wapo wazee wengi wenye madaftari. Hicho ndicho alichotaka mama duniani, na hakuwahi kutaka kingine kwa sauti kubwa hivyo.

Alitaka pia kuweka kazi kwenye flopi, zile sahani ndogo za kuhifadhia, kila Ijumaa. Ila mdomo wa flopi ulikuwa umejaa vumbi la dirishani na ulizitafuna. "Nitausafisha kesho," baba alisema. Kesho yake alikuwa anahesabu sekunde. Kesho nyingine alikuwa stendi kwa Shabani. Mnajua kesho za namna hiyo.

Dalili zilianza na herufi. Mama anafungua ukurasa wa jana, anakuta katikati ya jina la mtu kuna alama kama nyayo za kuku. Anasahihisha. Siku nyingine kompyuta inaganda, anaizima, anaiwasha, inarudi. Halafu siku moja ya gulio, saa nne asubuhi, Mwalimu Petro akiwa kwenye kiti chake tayari kusikiliza, mama akawasha na kioo kikabaki cheusi, maneno mawili ya Kiingereza juu kushoto. Akawasha tena, maneno mawili. Miezi mitatu, visima vyote, daftari la kwanza mpaka la kumi na saba. Mwalimu alikuwa haoni kioo vizuri. Alikuwa anasubiri tu, amekunja mikono, anatabasamu kuelekea upande wa mama.

Baba alikuja mbio, akagusa kasha. Lilikuwa la moto. Akainua pembe ya kitambaa, na hapo akapata pa kutokea. "Ni hiki!" akasema. "Kitambaa chako hiki, Mama Elia, kimeziba hewa! Chipu imeungua!"

Mama alikiondoa kitambaa, akakikunja mara nne, akakiweka mapajani. Alipofungua mdomo alizungumza na Mwalimu kwa Kinyaturu, sauti ya chini, kwa muda mrefu. Mwalimu alisikiliza, kisha akasema kwa Kiswahili ili wote tusikie, "Madaftari ninayo. Yako kwangu, hayajaliwa na mchwa. Tuanze tena, mama."

"Siwezi kukupotezea mara ya pili, Mwalimu," mama alisema. "Waipeleke kwa fundi. Fundi akisema siyo mkono wangu, tunaanza siku hiyohiyo. Hata kwa mashine ya zamani nitachapa. Lakini kama ni mimi, siigusi tena kazi ya mtu."

Nilikuwepo, na nilisikia kila neno. Nilivyoelewa mimi, mama aliogopa kwamba alibonyeza kitufe kibaya. Pale shuleni mwalimu alishatuambia kwamba kompyuta ukibonyeza pasipotakiwa inafuta kila kitu. Nikamwonea huruma, nikajua vidole vyake havikosei, nikasubiri fundi aseme hivyo.

Tuliondoka Jumatatu kwenda Dodoma, mimi na baba, maana shule zilikuwa zimefungwa na mtu alitakiwa wa kushika kioo kisigongwe. Fundi alikuwa kijana mwenye miwani, kibanda chake kimejaa matumbo ya kompyuta. Alifungua kasha, akanusa. "Mzee, hii ni mnanaa?" Baba akaangalia barabarani. Kijana akatoa chipu, akaisafisha, akaiweka kwenye mashine yake mwenyewe, ikawaka bila shida. "Chipu yako nzima kabisa," akasema. Kisha akainama na kurunzi kwenye mazabodi, akakaa hapo kidogo, akainua kichwa taratibu.

"Nani alihamisha hii jampa?"

"Mimi," alisema baba. "Niliiongezea kasi."

"Ulikuwa unafanyia kazi gani?"

"Kuchapa. Barua."

Kijana alivua miwani, akaifuta. Alikuwa na adabu, hakucheka. "Mzee wangu, sikiliza. Ukisukuma hapa husukumi chipu peke yake. Unasukuma njia nzima, mpaka kwenye diski inayotunza kazi. Hii chipu imevumilia, diski haikuweza. Ikawa inaandika ovyo tu, kidogo kidogo, kila siku, mpaka ikajichanganya yenyewe. Kilichokuwemo ndiyo basi."

"Na joto?" baba aliuliza haraka. "Kulikuwa na kitambaa juu. Joto je?"

"Joto lingeizima tu. Ingepoa, mngeiwasha. Kitambaa hakifuti kazi ya mtu."

Baba akauliza tena, na hapa ndipo huwa nashika kichwa, "Na hii kampuni yenyewe, unaionaje? Ningechukua ile nyingine?" Kijana akamwambia kwa kuchapa barua zote sawa, mzee, hata ungefumba macho ukachagua.

Basi liliposimama Manyoni baba alininunulia soda na mayai ya kuchemsha. Hakula. Alikuwa amepungua, sijui niseme vipi, shati lilikuwa kubwa ghafla. Akasema bila kuniangalia, "Mama akiuliza, tutasema joto." Nikamwangalia. "Si uongo," akasema. "Joto lilikuwepo." Akaongeza, "Mwanangu, mimi kazi wamenitoa. Kilichobaki ni kwamba najua mashine. Sasa mama yako akijua kwamba hata hilo silijui, nitakaa wapi mle ndani?"

Nilikuwa na miaka kumi na nilimpenda baba yangu. Nikapima kwa akili yangu ile: joto halina mwenyewe. Joto ni kama upepo, kama ukame, linakuja tu. Tukisema joto, baba hajakosea jampa na mama hajakosea kitufe, na kesho Mwalimu atakaa kwenye kiti chake mama aanze kumsomea. Niliona ni neno zuri kuliko yote. Nikamaliza soda yangu.

Tulipofika nyumbani, Mwalimu Petro alikuwa ameshafika. Alikuwa amekuja tangu asubuhi na kapu la madaftari, na mashine ya zamani ya mama ilikuwa mezani, imefutwa vumbi, ina karatasi tayari. Mama alisimama mlangoni hata hatujaweka mizigo chini.

"Fundi kasema nini?"

"Joto," alisema baba.

Mama alimtazama muda mrefu. Alimjua mume wake. Kisha akageuka kwangu, akashika bega langu. "Wewe ulikuwepo. Fundi kasema nini?"

"Joto, mama," nikasema, na nikatabasamu, maana nilidhani ninampa zawadi.

Mkono wake ukatoka begani kwangu. Akasema, "Basi ni mimi," kwa sauti ya mtu anayesoma maandishi. Akaenda mezani, akaitoa ile karatasi kwenye mashine, akamwambia Mwalimu amsamehe, atafute mtu mwingine, wapo wengi mjini wenye mikono mizuri. Mwalimu akambembeleza. Baba angeweza kusema hapo. Alisimama na kasha lake kifuani. Mwalimu Petro alitoka akipapasa fremu ya mlango, na kapu lake, na hakupeleka madaftari yale kwa mtu mwingine. Alifariki kabla hayajafika mavuno mengine. Niliwahi kuuliza Mungaa, wajukuu wakasema madaftari ya babu yalitumika kuwashia moto jikoni, ni mengi tu, yalidumu.

Mama hakuchapa tena. Aliuza mafuta ya alizeti kwa chupa, miaka yote, na watu wakimletea barua aliwaelekeza kwa Shabani. Baba alinunua diski nyingine, akarudisha jampa mahali pake, akachapa kwa vidole viwili kadi za harusi zenye makosa. Hakuwahi kulitaja jambo lile. Amekufa na joto lake, na nikiwa na hasira naye, ambayo ni mara nyingi, namwambia kaburini kwamba alimnyang'anya mwanamke maisha yake kwa sababu ya sekunde tatu.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani, nikaamua kulitua jambo hilo. Mama alikuwa anapeta mtama uani, mimi nimekaa kwenye kigoda mbele yake, nikamwambia yote. Nilieleza jampa, nilieleza diski, nilieleza alichosema yule kijana, na alichosema baba Manyoni. Nilieleza kwa ukali, nikamsema baba. Nilitaka mama akasirike, amtukane, alie, chochote, nimsaidie.

Alisimamisha ungo. "Kwa hiyo fundi alisema siyo kitambaa."

"Alisema siyo kitambaa, mama. Kabisa. Alisema palepale."

"Nawe ulisikia."

"Nilisikia."

"Nikakuuliza."

Nikaanza kusema kwamba nilikuwa mtoto, nilikuwa darasa la nne, na yeye akawa ananitazama usoni bila hasira yoyote, ananitazama kama mtu anayehesabu watu waliokuwa chumbani siku ile.

"Miaka yote nimejua ni baba yako ananificha kitu," akasema mama. "Kumbe mlikuwa wawili."

Akarudi kupeta. Nilinyoosha mkono nimpokee ungo, akausogeza upande wake.